Kupokea kwa Mkono

Siku alipopata nafasi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya uongozi na utawala wa uuguzi, wenzake wa wodi ya upasuaji walimbandika jina papo hapo: Profesa. Alikuwa hajafungua hata ukurasa mmoja. Manesi wana ulimi, na kazi ya kusafisha vidonda kutwa nzima inahitaji mtu wa kutaniwa. "Profesa, beseni limejaa." "Profesa, yule wa kitanda cha kona anataka choo, tupe nadharia." Naye alicheka, akabeba beseni. Moyoni, lakini, jina lile lilimkaa vizuri.

Aliyemtania zaidi, na mwenye haki ya kumtania, alikuwa Dada Mkubwa. Huyo ndiye muuguzi aliyemlea wodini alipotoka mafunzoni akiwa msichana mwembamba mwenye viatu vipya na mikono inayotetemeka. Hawakuwa ndugu wa damu. Lakini mtu aliyekushika kiwiko siku ya kwanza ulipofumba macho ya marehemu, utamwitaje? Dada Mkubwa alimfundisha kumchoma sindano mtoto anayerusha mateke, kumjibu daktari mwenye majivuno bila kumvunjia heshima, na kulia stoo kwenye mashuka, si mbele ya wagonjwa. Alikuwa mnene, mwenye magoti mabovu na mdomo usio na breki, na viatu vyake vya mpira vililia sakafuni kiasi kwamba wagonjwa walijua ni nani anayekuja kabla hawajamwona.

Wodi ile ilikuwa na desturi yake. Zamu zilipobadilishana, wanaotoka na wanaoingia walitembea pamoja kitanda kwa kitanda. Anayetoka anaeleza: huyu alipasuliwa wapi, amepewa dawa gani, amekojoa au hajakojoa. Anayeingia anasikiliza, na huku anasikiliza mkono wake uko chini ya shuka, umeshika mguu wa mgonjwa. Nani aliyeanzisha jambo hilo, hakuna aliyekumbuka. Mguu una joto, mguu una baridi, mguu umelowa jasho. Mkono ulijua kabla mashine ya presha haijafika. Desturi hiyo waliiita kupokea kwa mkono. Nesi mgeni aliyesimama mbali na kitanda na kutikisa kichwa aliambiwa, "Huyo umempokea kwa sikio tu, rudi." Wagonjwa nao walizoea. Wengine walitoa mguu nje ya shuka mapema walipoona msafara unakaribia.

Ubaya wa desturi ile ni kwamba ilikula muda. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimebanana hadi kwenye korido, na kila mgonjwa akimwona nesi amesimama kwake anakumbuka shida zake zote. Aliyemaliza zamu alijikuta bado yuko kazini, miguu imevimba, watoto wanamsubiri. Chuoni Profesa alifundishwa kwamba kiongozi ni yule anayeona kile ambacho wengine wamekizoea. Maneno hayo yalimwingia. Akaamua kuwa tasnifu yake itahusu jambo hilo hilo: manesi wakabidhiane zamu ofisini, wamekaa mezani, taarifa fupi zenye mpangilio mmoja, halafu mtu aende zake nyumbani. Mume wake, fundi seremala, alimtengenezea meza yenyewe, ndefu, pembe zake amezipiga msasa zisije zikachana sare za watu.

Matroni wa hospitali, aliyekuwa mbioni kustaafu na aliyekwisha kumdokezea Profesa kwamba kiti chake kinahitaji mtu msomi, alikubali. Msimamizi wake wa chuo alikubali. Manesi ndiyo usiseme. Na tuseme ukweli, aliyefurahi kuliko wote ni Dada Mkubwa. "Magoti yangu yanakuombea dua, Profesa," alisema siku ya kwanza, akajimwaga kwenye kiti.

Ila mazoea ni kitu kingine. Baada ya makabidhiano ya mezani, Dada Mkubwa alikuwa akichomoka na kuzunguka kwa wale waliopasuliwa siku hiyo, anawashika miguu, halafu ndipo anaanza kazi. Profesa alimwona, akamwona tena, akamwita stoo kwenye mashuka.

"Dada, ukizunguka hivyo unaniharibia utafiti."

"Nauharibuje? Nashika miguu ya watu tu."

"Matokeo yakiwa mazuri, nitajuaje kama ni kwa sababu ya meza au ni kwa sababu ya mkono wako? Ukitoka mezani, anza kama wenzako. Dawa kwanza, kuanzia mlangoni, halafu vipimo."

"Hata waliotoka chumba cha upasuaji leo hii?"

Profesa alisita. Alisita kweli, na baadaye ilikuwa ikimuuma zaidi kwa sababu alisita. "Hata wao," alisema. "Ni kipindi kifupi tu, dada yangu. Nakuomba."

Dada Mkubwa alimtazama, akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Haya. Sitaki ufeli kwa ajili ya kidole changu." Hakuna mtu mwingine aliyesikia maneno hayo.

Kitanda cha dirishani, mwisho kabisa wa wodi, kililaliwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyepasuliwa utumbo. Alikuwa mcheshi. Kabla ya upasuaji aliwapa manesi alama kwa kila sindano waliyomchoma: Dada Mkubwa vizuri sana, Profesa "unaweza kufanya vizuri zaidi ukijitahidi". Mkewe alikaa pembeni akimwonea aibu. Siku ya upasuaji, adhuhuri, zamu zilibadilishana mezani. Nesi aliyetoka alisema, "Mwalimu wa dirishani amerudi salama, amelala, hana malalamiko." Ilikuwa kweli, alivyomwona mara ya mwisho. Dada Mkubwa alipokea, akasukuma toroli la dawa, akaanza mlangoni kama alivyoombwa.

Mwalimu hakuwa usingizini. Alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani, kimya kimya. Toroli lilikwenda kitanda kwa kitanda, hapa mtu anakataa kidonge, pale dripu imeziba, na lilipofika dirishani Dada Mkubwa aliinua shuka na kushika mguu. Manesi wenzake wanasema hawajawahi kumsikia akipiga ukelele isipokuwa siku ile. Daktari alikuja mbio, wakahangaika naye wote. Alifariki kabla hawajamfikisha tena chumba cha upasuaji. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kununua maji, akarudi na chupa mkononi.

Hospitali iliunda kamati. Na hapa ndipo mtu anatamani kucheka, ila hawezi, kwa sababu wiki ile ile Profesa alikuwa amerudishiwa kazi yake ya darasani kuhusu makosa ya kitabibu, na amepata alama za juu kabisa. Aliandika kwamba kosa halimwangukii mtu mmoja. Kiongozi bora hatafuti wa kutolewa kafara, anatafuta mahali mfumo ulipopasuka. Mhadhiri aliisomea darasa zima kazi hiyo. Alikuwa ameiamini kila sentensi aliyoiandika.

Siku ya kamati walikaa pamoja kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya mganga mkuu, yeye na Dada Mkubwa, bega kwa bega. Dada Mkubwa alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi ikakauka kama karatasi.

"Sijawaambia habari ya stoo," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, dada?"

"Nimekuachia wewe. Nikisema mimi, ni mtu anajitetea. Ukisema wewe, watasikiliza." Akanyoosha goti lake bovu, akaliminya. "Utasema?"

"Nitasema," Profesa alimjibu, na alikuwa na nia hiyo. Msimdhanie vibaya kabla ya wakati wake.

Waliitwa wote wawili. Ndani kulikuwa na mganga mkuu, katibu wa hospitali, na Matroni. Matroni alimtupia jicho Profesa alipokuwa akivuta kiti, jicho la mama anayemwonya binti yake mezani mbele ya wageni. Profesa akaanza. Alieleza vizuri, wala hakubabaika. Alisema tatizo ni la mfumo. Alisema makabidhiano ya mezani yaliidhinishwa na uongozi. Alisema uchovu, uchache wa wauguzi, wingi wa vitanda. Kila neno lilikuwa kweli. Aliona vichwa vinatikisika kwa kukubali, na kadiri vilivyotikisika ndivyo neno lile mfumo lilivyomwia tamu mdomoni, kwa sababu mfumo hauna uso wala mume seremala.

Katibu, mtu mkavu asiye na maneno mengi, akaweka kalamu chini. "Niulize jambo moja. Katika utaratibu huu, kuna nesi aliyekatazwa kwenda kumwangalia mgonjwa?"

Dada Mkubwa aliinua kichwa.

Profesa alimtazama Matroni. Aliona kiti cha Matroni, aliona joho la mahafali ambalo mama yake mzazi alikuwa akilizungumzia kwa majirani, aliona tasnifu ikitupwa. Yote aliyaona kwa kufumba na kufumbua. "Hakuna muuguzi anayeweza kukatazwa kumwona mgonjwa wake," alisema. "Hiyo ndiyo misingi ya taaluma yetu."

"Una la kuongeza?" katibu alimgeukia Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa bado anamtazama mdogo wake. Hakuwa na hasira usoni. Ilikuwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Alipochoka kusubiri, alisema, "Sina."

Jioni ile mume wake Profesa alimkuta jikoni, ameosha vyombo vilivyokuwa visafi tayari. Alijua habari ya stoo. Mkewe alimwambia siku ile ile mwalimu alipofariki, analia.

"Umewaambia?"

"Nimesema ukweli."

"Wote?"

Alichukua sahani nyingine safi, akaanza kuiosha. Mume alisimama mlangoni kidogo na vumbi la mbao kwenye nywele, halafu akaenda kuoga. Tangu siku hiyo hakuiulizia tena ile meza aliyoitengeneza kwa mikono yake, na mkewe alijua maana yake.

Dada Mkubwa alistaafishwa kabla ya wakati wake kwa uzembe. Leseni yake ilisimamishwa, na kwa umri ule, nani angeihangaikia? Profesa alikwenda kwake mara moja. Alimkuta uani anaanua nguo. Alipewa kiti, akapewa maji ya kunywa, akaulizwa hali ya watoto na masomo. Kila alipofungua mdomo kusema lililompeleka, Dada Mkubwa alikumbuka nguo nyingine kwenye kamba. Aliondoka bila kulisema, na akajitia moyo kwamba atarudi. Hakurudi.

Masomo yalikwenda vizuri. Alipotetea tasnifu, jopo lilimsifu kwa ujasiri, kwa sababu hakukificha kifo kile. Alikiandika kwa lugha nzuri, kama udhaifu wa makabidhiano yanayofanyika mbali na mgonjwa, na akapendekeza wauguzi warudi vitandani. Alihitimu. Mama yake alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Kiti cha Matroni kilipobaki wazi alikikalia yeye, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba katika wodi zote, si ile moja tu, zamu zitapokewa kwa mkono. Aliwafundisha manesi wapya yeye mwenyewe. Walikuja watu wa hospitali nyingine kujifunza, wakauita utaratibu wa Matroni. Mara ya kwanza aliposikia hivyo alitaka kuwasahihisha. Mara ya pili alinyamaza. Jina la Profesa lilikufa, maana hakuna aliyebaki wa kumtania kwa jina hilo.

Miaka ikapita. Asubuhi moja alikuwa wodi ya upasuaji akiongozana na zamu, kama alivyopenda kufanya. Kitanda cha dirishani kulikuwa na mwanamke mzee mnene aliyekatwa vidole vya mguu kwa sababu ya sukari. Nywele zilikuwa nyeupe. Matroni alimjua kwa viatu, vile vya mpira, vimepangwa chini ya kitanda.

Akasikia nesi kijana anayetoka anaanza kueleza: mama yetu huyu alipasuliwa jana, kidonda kikavu, sukari imeshuka. Nesi anayeingia tayari alikuwa amepeleka mkono chini ya shuka, kwenye mguu ule mzima. "Una joto," alisema. Dada Mkubwa alimtazama yule binti kwa upole, akasema, "Vizuri sana."

Ndipo Matroni naye akasogea. Aliunyoosha mkono kuelekea shuka, kama nesi mgeni siku yake ya kwanza kabisa.

Dada Mkubwa alivuta mguu. Aliuvuta polepole, kwa taabu, mpaka ukajikunja chini yake.

"Hapana," alisema. "Wewe nipokee kwa sikio."

Manesi wakacheka, wakidhani bibi anatania. Wagonjwa wazee walikuwa na utani wao. Mmoja akadhani mgonjwa anasikia baridi, akamwongezea blanketi. Matroni alirudisha mkono, akauweka mgongoni pamoja na ule mwingine. Alimwomba nesi aendelee na taarifa, akaisikiliza yote hadi mwisho, halafu wakaenda kitanda kinachofuata.