Kadi ya BIO

Muuza nyama wa sokoni kwetu Bagira ana kadi moja tu iliyoandikwa BIO, na huifuta kwa uangalifu zaidi kuliko kisu chake. Ukitazama mbuzi, kadi iko juu ya mbuzi. Ukigeukia kuku wa barafu kutoka ng'ambo, imeshahamia kwake. Nimemweleza mara ngapi kwamba bio ni mnyama aliyekua bila dawa za kumnenepesha. Hujibu, "Ndiyo, dada," huku akiinyoosha kona.

Jana nilimwambia kuku ninayemtaka ni wa mama, ametoka hospitali. Mkono wake ukasimama. Akaitia kadi mfukoni.

"Ya mugonjwa? Hapana, dada. Urudi kesho, ntakuletea ya kijijini Nyantende."

Lakini mama alikuwa akingoja supu jana hiyo hiyo, ikabidi nitafute kuku kwingine. Nilipogeuka kuondoka, kadi ilikuwa imerudi juu ya kuku yule yule, na mteja mwingine alikuwa akiisoma.