Mama Alipokuja Kulala Kwenye Trela

Mama alipokubali kuja kulala kwangu, dada yangu aliweka sharti moja tu: nyumba isitikisike.

Halikuwa sharti la maringo. Mama ana ugonjwa wa sikio. Dada, ambaye ni muuguzi na anaishi naye Pearland, kusini mwa Houston, alinieleza kwa simu kwamba ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vinavyomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi, na kwamba vya Mama vimehama mahali pake. Akigeuka ghafla, au alichokalia kikicheza, dunia nzima inamzunguka na anatapika. Niliposikia habari ya vijiwe nikasahau kabisa tulichokuwa tunazungumzia. Vinaonekana kwa macho? Vinaota upya? Kuku naye anavyo?

"Nakuambia Mama anaanguka, wewe unaniuliza kuku," dada akasema. "Sikiliza. Nitamleta Jumamosi. Akipata kizunguzungu hata kidogo, narudi naye siku hiyo hiyo. Na usinione mbaya."

Sikumwona mbaya. Lakini nilitaka Mama alale kwangu kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huo. Alikuwa amekwisha kulala kwa watoto wake wote isipokuwa mimi, kwa sababu moja rahisi: sikuwahi kuwa na kwangu. Niliacha shule kidato cha pili kwa kuwa barabara iliyopita mbele ya darasa ilikuwa inakwenda mahali, na hakuna mwalimu aliyetaka kuniambia ni wapi. Tangu hapo nimeuza viatu vya mitumba, nimeosha magari, nimefagia kumbi za harusi huko Houston, na sasa naendesha foklifti kwenye ghala moja la Grand Prairie. Kila Mama aliponiuliza, "Sasa unakaa kwa nani?" nilikuwa na jibu. Safari hii nilimwambia, "Kwangu," akasema atakuja kuona kama ni kweli.

Kwangu ni trela. Ni ile aina ambayo wenyeji wa hapa huiita gurudumu la tano, na siku niliyoinunua niliizunguka yote nikilitafuta hilo la tano nisilione. Ni nyumba ndefu yenye jiko, choo na kila kitu, ila pua yake imeinuka juu, ili wakati wa kuvutwa ikae juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu. Chumba cha kulala kimo ndani ya pua hiyo. Unakifikia kwa kupanda vidaraja. Nyuma kabisa ndiyo sebule, na sofa ya kukunjua. Nimeiegesha Haltom City, mwendo wa zaidi ya saa nne kutoka kwa dada, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na mwili wa kuihifadhi sauti hiyo.

Tatizo la nyumba ya namna hii ni kwamba ukiitoa kwenye pikapu inabaki haijui isimame vipi. Pua inaning'inia juu ya miguu miwili ya chuma. Katikati uzito wote uko juu ya matairi na springi, vitu vilivyotengenezwa makusudi ili vicheze. Nyuma hakuna kitu ila vijeki viwili vyembamba. Ukikohoa, vikombe vinaitikia. Ukigeuka kitandani, taa ya sebuleni inayumba. Mimi nilikuwa nimezoea. Tena nilipenda, ilikuwa kama bado niko safarini. Mwenye uwanja, huyo mama wa Uvira, ndiye hakuzoea.

"Ndugu yangu," alikuwa akiniita kutoka dirishani kwake, "leo kuko rumba ao ndombolo? Naona nyumba inacheza na hatujaalikwa."

"Nilikuwa navaa suruali tu, mama."

"Suruali moja? Basi ukivaa na koti, trela itafika Dallas."

Wiki ile, kila nilipotoka ghalani, nililala chali chini ya trela na tochi. Niligundua kwamba mtikisiko si kitu kimoja. Kuna ule wa kwenda mbele na kurudi nyuma, ambao unatoka kwenye matairi. Huo niliutibu kwa kuzibana kabari za chuma katikati ya tairi na tairi, nikazikaza hadi matairi yakanuna. Kuna ule wa kupepesuka kando. Na kuna ule wa juu chini, wa springi. Miguu ya mbele nayo ilikuwa imerefushwa mno, ikawa kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Nikaiingizia mbao nene chini yake ili chuma kisitoke sana, maana mguu mfupi hauna nafasi ya kuyumba. Na mbao zenyewe nilizipanga pana, kwa sababu udongo mweusi wa huku hupasuka jua likiwaka na hufura mvua ikinyesha, kwa hiyo chochote chembamba unachokisimamisha juu yake kinazama.

Kisha nikanunua stuli kubwa ya chuma ya miguu mitatu, ya kusimama chini ya pua penyewe, pale chumba cha kulala kilipo. Nilihitaji mtu wa kutembea ndani huku mimi nikitazama kutoka chini. Mwenye uwanja akajitolea.

"Niruke?" akauliza kutoka juu.

"Usiruke, mama. Tembea tu kawaida."

"Mutu wa kilo zangu akitembea kawaida, ni kuruka."

Akatembea. Akaimba beti mbili za kwaya, akapiga mguu chini kwenye kiitikio. Mimi chini nilikuwa nimeshika stuli kwa mkono na sikuhisi kitu. Nikaingia ndani nikaweka beseni la maji juu ya kitanda changu, nikamwomba apite tena. Maji yalitulia kama yamegandishwa. Siku ya Ijumaa nilitandika mashuka mapya, nikalala sakafuni nisije nikayakunja.

Jumamosi mchana gari la dada likaingia uwanjani. Dada alishuka kwanza, akaitazama trela, akainama akatazama chini yake, akapiga tairi teke dogo kama mtu anayenunua gari.

"Hii kitu imeshikwa na vipande vya mbao?"

"Mbao na chuma. Na akili."

"Akili ndiyo inanipa wasiwasi."

Akaingia, akapanda vidaraja hadi chumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake nje ya shuka, akajigeuza huku na huku. Nilimtazama uso. Alijaribu kwa bidii kutoridhika. "Haya," akasema. "Hapa pako sawa. Mama, njoo ulale kidogo, umechoka na safari."

Mama alikuwa amesimama chini ya vidaraja, mkono kwenye ukuta, mkoba begani. Hakusogea.

"Huko ni wapi?"

"Ndiko utakapolala, Mama," nikasema.

"Ni kitanda cha nani?"

"Changu. Nimekuachia."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyemkaribisha msalani akale. "Baba," akaniita, kwa upole uleule anaoutumia kabla ya kumchapa mtu, "umezunguka sana hadi umesahau ulikozaliwa?"

Nikakumbuka hapo hapo. Kwetu mzazi haingii chumba cha kulala cha mwanawe wa kiume, sembuse kulala kitandani pake. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Wiki nzima nilikuwa nimelala chini ya trela nikiituliza sehemu moja pekee ambayo mama yangu hangeikanyaga. Dada naye alikuwa amelisahau, lakini alivyoteremka pale kitandani huku akijipangusa sketi ungedhani alikuwa amekwenda tu kukagua mashuka.

"Nitalala pale," Mama akasema, akionyesha sofa ya nyuma.

Nyuma nilikuwa nimeviteremsha vile vijeki viwili vikagusa tu ardhi, nikaviacha, nikisema nitavirudia. Mama akaketi kwenye sofa. Dada akaketi upande wake. Wakati huo huo mwenye uwanja, aliyekuwa akichungulia dirishani tangu gari liingie, akapanda ngazi ya mlangoni na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, mikononi, akipaza sauti, "Karibu, mama yetu, karibuni sana!" Kila hatua aliyopiga, sebule ilishuka na kupanda. Mama akafumba macho. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ikakauka.

Dada alimtazama Mama usoni. Akasimama, akachukua mkoba wa Mama. Mwenye uwanja akasimama mguu mmoja mbele, sufuria hewani, asithubutu kuuteremsha mwingine.

"Nilikuambia," dada akaniambia, taratibu. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Mama, twende nje upate hewa. Halafu tunarudi Pearland."

Mama alipumua muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akafungua jicho moja, akalielekeza kwenye sufuria.

"Nimeletewa chakula," akasema. "Hatuondoki kwa watu kabla ya kula."

Nikamtolea kiti cha plastiki nikakiweka kwenye saruji ya njia ya gari, mahali pasipocheza. Mwenye uwanja akaleta ugali na samaki. Nami nikaingia chini ya sehemu ya nyuma. Nilikuwa na muda wa sahani moja, na dada amesimama na ufunguo wa gari mkononi.

Kijeki kimoja nilikikuta kimepinda. Mwenye trela aliyenitangulia bila shaka alijaribu kuinulia trela kwacho, kazi isiyo yake, kwani vijeki vile vimewekwa kuzuia, si kunyanyua. Nikakikaza, nikatoka, nikasukuma ukuta kwa bega. Ukanisukuma.

"Imekataa?" dada akauliza.

"Inafikiri," nikamjibu.

Nikachuchumaa nikaitazama trela kwa ubavu, ndefu, matairi katikati, na kwa mara ya kwanza nikaiona ilivyo: ni bembea. Pua ikishuka, mkia unapanda. Sasa, vijeki vya nyuma haviwezi kubeba uzito kwa kuunyanyua kutoka chini. Lakini kama uzito wenyewe ungeshuka ukavikalia?

Nikaitoa ile stuli yangu ya fahari. Nikabonyeza kitufe cha miguu ya mbele, pua ikainama kidogo, mkia ukainuka. Nikakimbia nyuma na vipande vya saruji nilivyovichomoa kwenye bustani ya mwenye uwanja.

"Maua yangu hayo!"

"Nitakurudishia, mama!"

Nikavipanga chini ya vijeki, kile kilichopinda nikakisaidia kwa gogo la mbao lililosimama wima, nikakaza vyote. Nikarudi mbele nikainua pua mpaka pimamaji iliponiambia basi. Nyuma kulitoka mlio mzito, wa mtu mnene anayeketi. Nikasukuma ukuta kwa bega. Safari hii bega ndilo lililoumia. Nikairudisha stuli mahali pake.

Kule kitini, Mama alikuwa anakula. Sijawahi kuona mtu akila vile. Kila mwiba wa samaki aliutoa, akautazama kwenye mwanga, akauweka kando. Sahani ilipokaribia kwisha akamgeukia mwenye uwanja. "Hii sombe umetia nini? Niongeze kidogo, nijue."

"Mama," dada akasema, "barabara ni ndefu."

"Ndiyo maana nakula."

Nikawaita. Mama akaketi tena sofani. Mwenye uwanja akaingia kwa hatua za mwizi.

"Tembea kawaida, mama," nikamwambia.

"Una hakika? Nisije nikalaumiwa mbele ya wageni."

Akatembea kwenda na kurudi, kisha dada akaungana naye, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyokuwa lazima. Mama macho wazi, mikono magotini. Hakushika meza. Nikamimina chai, nikaketi mkabala naye, nikangoja hukumu.

Dada akainama juu ya kikombe. "Bado inatetemeka. Tazameni chai."

Kweli. Juu ya chai kulikuwa na viduara vidogo, vinakuja, vinakwenda. Mwenye uwanja akanyanyua mikono kuonyesha kwamba si yeye. Dada akasimama kama nguzo. Viduara viliendelea. Nikaanza kuwaza springi, upepo, malori ya barabara kuu. Nilikuwa karibu kutoka tena na tochi.

Mama akanyoosha mkono chini ya meza, akaushika mguu wangu wa kulia kwenye goti, akaukandamiza. Chai ikatulia.

"Huu," akasema, "mmesahau kuuwekea jeki."

Mwenye uwanja alicheka hadi akalazimika kuketi, na alipoketi nyumba haikujali. Dada alishikilia uso wake wa kazini kwa muda, kisha nao ukamponyoka.

"Tangu tumboni," Mama akawaambia, mkono bado gotini pangu. "Miezi yote ile alikuwa anatafuta mlango."

Dada aliweka mkoba kando ya sofa. Aliniandikia dawa za Mama na saa zake, akanionyesha jinsi ya kumwinua kitandani polepole, akaniuliza mara tatu kama nimeelewa. Kwenye gari alishusha kioo. "Jumamosi ijayo nakuja kumchukua. Na hilo gogo ulitoe pale, ni aibu."

Wiki hiyo nilikunywa chai nimekaa, asubuhi zote, hadi chini ya kikombe. Nikianza kutikisa mguu, Mama alikuwa anakohoa tu. Alilala sofani hadi jua lilipoingia, na kila siku alinipa taarifa ya nyumba: imesimama, ila mwenyewe aligeuka sana huko juu, je, kuna anayemfukuza?

Jumamosi dada alipofika, Mama alikuwa mezani, na mbele yake sahani ya samaki.

"Mama, uko tayari?"

"Bado nakula," Mama akasema, akachomoa mwiba, akautazama kwenye mwanga.

Dada akanitazama mimi. Mimi nikachukua tochi, nikatoka kwenda kukaza vijeki.