Nahodha Mpya wa Kamito

Saa mbili asubuhi, Lornah Adongo anavua aproni yenye harufu ya samaki wa kukaanga, anavaa jaketi la kuokolea na kuwasha injini. Akipita mtihani wa leo, atakuwa mwanamke wa kwanza kuendesha mashua ya wageni hapa Kamito, mji mdogo wa mapumziko jirani na Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria. Akianguka, atasubiri mwaka mzima.

"Mama Sheryl!" Oyugi, mvuvi anayepakua omena, dagaa wa ziwani, anamwita kwa jina la bintiye. "Hiyo si samaki ya kugeuza kwa karai!"

"Ngoja nirudi, nikugeuze wewe!"

Ufuo mzima unaangua kicheko.

Kicheko hicho kina sababu. Machi mwaka jana, katika mtihani huu huu, Lornah aliilazimisha injini kupita kwenye gugumaji lililotanda juu ya maji. Propela ikanaswa, naye akavutwa hadi nchi kavu na mashua ya Oyugi.

Mtahini, Bwana Muchiri, anataka mambo mawili: mashua salama na historia sahihi. Wakiwa majini, Lornah anamwonyesha ghala la mawe ufuoni ambalo siku hizi ni nyumba ya wageni.

"Hapa meli zilipakia pamba. Nyanya yangu aliichambua humo ndani. Meli zilipoacha kuja, mji ulilala, mpaka watu wa Kisumu walipoanza kuja Jumapili kula samaki."

Hata leo, anaeleza, hakuna jiko linalowashwa Jumapili kabla ya ibada kwisha. Mgeni mwenye njaa hukaribishwa kanisani kwanza!

Wanaporejea, upepo umegeuka na gugumaji limeziba njia ya gati.

"Nenda moja kwa moja," Muchiri anaagiza.

Lornah anazima injini. "Hapana, Bwana. Hapo sipiti."

Anainua propela, anachukua pondo na kuisukuma mashua kando ya matete kwa dakika ishirini, jasho likimtiririka, hadi inapogusa mchanga.

Muchiri anafunga daftari. "Nilikuwa nakupima tu. Umepita, Nahodha."

Vigelegele vinalipuka. Oyugi ndiye wa kwanza kudaka kamba.

Lornah, mwenye umri wa miaka 43, tayari ana abiria wa Jumamosi: wakaangaji samaki wenzake kumi na mmoja, bila nauli.

"Miaka kumi na tisa wageni wanatoka ziwani wakitusimulia Kamito inavyopendeza ukiitazama kutoka majini," anasema. "Sasa nasi tunaenda kujionea."