Sukuma Isifike Magotini

Cheka ukitaka. Hata Mama Kioko, jirani yangu, alicheka, na siku hizi jua likianza kuinama hapiti kwangu ng'o. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Matinyani, nikiwa na akili zangu timamu na bila hata tone la pombe.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Watoto wako Nairobi, na unawajua watoto wa Nairobi: wanapiga simu Jumapili, "Baba, uko sawa?" halafu wanakata. Nikaamua kufufua kishamba cha mama yao cha sukuma wiki nyuma ya jikoni. Sisi huku hupanda vumbini, kabla mvua haijaja. Nikafyeka miiba, nikafagia uwanja wote, nikaanza kuchimba mashimo ya kukinga maji. Ule udongo, jamani! Jembe lilikuwa linaruka kama limegonga lami.

Jua likizama, nikasikia sauti ya mwanamke uani: "Baba Mutua!"

Mara moja tu. Sasa, huku kwetu kila mtu anajua: ukiitwa jioni, nyamaza mpaka uitwe tena. Binadamu huita mara mbili. Kile kingine huita mara moja, na ukiitika umejitoa. Mimi mwenyewe niliwafunza wanangu hivyo. Lakini tangu mazishi, nani alikuwa ameniita Baba Mutua? Nikaitika mbio, kabla sijafikiri.

Akaingia mama wa makamo, mtungi wa maji mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Simjui. "Mbona unachimba kama mtu anayehama?" akanitania, akanipokonya jembe. Niamini, udongo ulimtii. Alichimba shimo la kina, akachanganya samadi na majivu, huku tukipiga gumzo. Nilicheka mpaka nikaona haya. Nikamwambia hata lile ambalo watoto hawajui, kwamba usiku bado napakua sahani mbili.

Akiondoka akasema, "Sukuma ikifika magotini, nitakuja kukuchukua. Kwetu hakuna anayekula peke yake."

Nami, mjinga, nikasema sawa.

Asubuhi nikatazama uwanja niliokuwa nimeufagia. Nyayo zangu zilikuwepo, za kwenda na za kurudi. Zake hakuna hata moja. Mama Kioko akaniuliza akiwa njiani, "Jana ulikuwa unacheka na nani? Nilikuona ukichimba peke yako." Nikakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Mvua ilikuja kidogo ikakatika. Mahindi ya watu yakakauka. Na sukuma yangu? Inakua usiku na mchana. Kila asubuhi nakata vilele, nawapelekea majirani, nao wananisifu kwa ukarimu. Wangejua! Mama Kioko pekee ndiye hukataa. Juzi nilishikwa na homa, nikalala kutwa, na nilipotoka nje ilikuwa imebakisha vidole viwili igonge goti. Niliikata papo hapo.

Na nikuambie ukweli, maana nishaanza: ziko jioni naketi pale na kisu mkononi, nikiwaza niiache tu ikue.

Kwa hivyo wewe, kama una mzazi amebaki peke yake huko nyumbani, usingoje Jumapili. Mpigie leo, kabla jua halijazama. Na ukimwita, tafadhali, mwite mara mbili.