Shingo ya Shangazi Athieno

Nikiwa mtoto wa miaka tisa, nilipewa kazi ya kumsugua shangazi yangu shingo mpaka ikatoka damu.

Tulikuwa tumehamia Tiira kutoka Nagongera, kufuata dhahabu. Shangazi Athieno, dada wa baba, aliosha mchanga wa mashimoni kwa karai. Mumewe alikuwa amemrudisha kwetu kwa kuwa hakuzaa. Kidevuni aliota ndevu, akizinyoa kila asubuhi kwa wembe, na shingo yake ilizungukwa na weusi mzito kama masizi ya sufuria. Alioga kuliko sisi sote; weusi haukutoka.

Dhahabu ilipoadimika, wachimbaji wakapata wa kulaumu. "Mama ya ndevu nafukuza dhahabu," msimamizi wao alisema mbele ya watu. "Akwende!"

Bibi mmoja jirani, aliyesifika kwa dawa, akasema ule ni mkosi uliomganda. Usuguliwe kwa jivu na jiwe, kijitoni, kwa mkono wa msichana ambaye hajavunja ungo. Msichana huyo nikawa mimi.

Wanawake wazima walisimama wakitazama. Nilipoona damu nikasita.

"Sugua, mwanangu," shangazi akaninong'oneza. "Wakiridhika wataniacha nifanye kazi."

Hawakumwacha. Kesho yake wachimbaji walimwaga mchanga wake, karai wakalitupa njiani. Akavuka mpaka, akaenda kufua nguo za watu Busia ya Kenya, kidonda amekifunika kwa leso.

Nilipofika miaka ishirini na miwili, hedhi yangu ilipotea miezi minne, na weusi uleule ukaanza shingoni mwangu. Muuguzi wa kliniki alinitazama, akanipeleka kupimwa. Ni homoni, akanieleza baadaye: mayai hayapevuki inavyopasa, homoni za kiume zikizidi ndevu huota, na ule weusi huja mwili unaposhindwa kuitumia insulini vizuri. Dawa zipo. Wengi huzaa.

"Na usisugue," akaongeza. "Si uchafu huo."

Nililia kwa hasira palepale kitini. Maneno machache kiasi hicho, na hakuna aliyewahi kumwambia shangazi!

Nilivuka nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikamweleza yote na kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Waliokuwa wakubwa hawajaja."

Mpaka leo hawajaja. Nikirudi Tiira huwakuta kanisani, wamezeeka, wananipa mkono wa amani. Naupokea. Watu huniambia niwasamehe, kwamba hawakujua. Ugonjwa hawakuujua, kweli. Damu waliiona.