Mmea wa Karani

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya posta mjini Thika nilipomwona karani akitoa kopo la mmea dirishani ili akautupe. Ulikuwa na majani manene yenye maji, na kila shina limefunikwa na wadudu weupe kama pamba.

"Aliniachia marehemu mke wangu," alisema bila kumtazama mtu. "Nawafuta leo, kesho wamerudi."

Mbele yangu alisimama mama mmoja, kibarua wa shamba la kahawa kule Ruiru. Alinyoosha mkono akalishika lile kopo.

"Ngoja, ndugu yangu. Wewe unapigana na ng'ombe, wachungaji umewaacha." Akaonyesha mstari wa sisimizi waliokuwa wakipanda. "Hawa ndio wanaowabeba hao weupe, wapate kunywa utamu wao. Hata kwenye kahawa ni hivyo hivyo."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Wafute kwa maji ya sabuni, mpaka kwenye makwapa ya majani. Halafu weka kopo juu ya jiwe, katikati ya sahani ya maji. Sisimizi hajui kuogelea."

Karani akafungua mlango wa kaunta, ambao sisi wengine hatufunguliwi, akampa kiti. Wakaufuta pamoja, jani kwa jani. Foleni ilisimama nusu saa, wala hakuna aliyenung'unika.

Jana nilipita pale. Mmea umetoa majani matatu mapya. Basi msomaji, ukitaka kuhudumiwa vizuri ofisini, usianze na shida yako. Tazama kwanza maua ya karani.