Kikopo cha Mama

Kazi yangu ni kushuku. Maabara ya Homa Bay, miaka ile ya tisini, ilinifunza hivyo: chombo kinachong'aa kimejaa bakteria, na mgonjwa anayeapa amemaliza dawa ana nusu yake chini ya godoro. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikipewa maji ya baraka nitayachemsha kwanza.

Matanga yalikuwa mengi mno wakati huo. Nikaona jambo. Kuanzia Ndhiwa hadi Migori, siku chache baada ya mazishi fulani, walioomboleza waliletwa kwetu na homa ya matumbo. Visima tulivipima, vilikuwa safi. Nikauliza nani alipika. Kila mahali jibu lilikuwa lile lile: kikundi cha akina mama wa kanisa, na aliyeshika mwiko ni mama yangu mzazi.

Wapo watu hubeba vijidudu vya homa hiyo miaka mingi bila hata kuumwa kichwa. Nililijua hilo, na niliogopa.

Nikaenda kwetu Ndhiwa, nikawagawia akina mama wote vikopo vya kutilia choo cha kupimwa. Wenzake waliona haya, wakanung'unika. Mama alinirudishia chake upesi, kimefungwa vizuri, huku anatabasamu. Mama huyu, ambaye akienda chooni huaga kwamba anakwenda kuangalia mbuzi! Nikashuku papo hapo.

Kwenye hadubini nikakuta mayai ya minyoo, tele, kama ya mtoto anayekula udongo. Jirani alikuwa na mjukuu wa namna hiyo hasa. Nikarudi.

"Mama, choo kile ni cha nani?"

"Yawa! Leo umenifanya mwizi?"

"Mama."

Akakaa juu ya sufuria kubwa aliyokuwa ameipindua ikauke. "Nyara," akasema, kwa sauti aliyoniitia 'binti yangu' tangu utotoni, "ukikipata hicho kidudu, nani ataniita tena matangani? Tangu babako afe, kupika ndiko kumenisimamisha. Nisipopika mimi ni wa nini?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo cha nani? Mimi siumwi."

Hasira zilinipanda. Nikamwambia: kijana mmoja wa Migori, aliyeuawa na homa hiyo akazikwa Jumamosi, alikula kutoka kwenye sufuria hiyo hiyo aliyoikalia.

Aliinuka juu yake kana kwamba imemchoma. Alichukua kikopo kingine mwenyewe, akaenda.

Kidudu kilikuwepo. Alimeza dawa muda mrefu, mwiko akamwachia mwenzake. Nilimpima tena na tena mpaka nikaridhika amepona, nikampelekea habari. Alipiga vigelegele, akanipikia ugali na samaki.

Nilinawa, nikakaa. Mkono ukaenda kwenye sahani, ukasimama. Ni kidogo tu, lakini aliuona.

"Si upime kwanza," akasema.

Nilikula chote, samaki hadi kichwa. Yeye alikuwa amegeukia mlangoni, akiwatazama mbuzi.